Benchi la Bafuni Lililorithiwa kama Kigoda

Nyumbani Sakina, Jumapili, baada ya ibada ya pili

Baba,

Shikamoo. Nimeinamisha kichwa nilipoandika neno hilo, kama ulivyotuzoesha, ingawa najua hakuna mkono utakaokigusa.

Nakuandikia kwa sababu shauri la benchi lako limekwisha, na wewe ungependa kulisikia kwa mpangilio. Nilipokuwa nakusimulia jambo nikaruka mahali, ulikuwa unanikatiza: "Rudi nyuma. Huyo ng'ombe amefikaje mtoni na bado hajatoka zizini?" Basi sitaruka. Kila jioni naandika shajara yangu, unajua, lakini shajara haina mtu upande wa pili. Hii nimeiandika kwenye karatasi ya pembeni.

Kwanza ya nyumbani. Mvua zimechelewa, na mlima umekaa wazi tangu asubuhi. Maharage ya shamba la juu tumepanda, ya chini tunasubiri. Kaka Lazaro bado ana kazi yake Dodoma, ila jana alikuwa hapa, na nitafika huko. Mimi nimefungua tena kibanda changu cha kuchapa na kutoa kopi pale Kaloleni. Wateja wa zamani wamerudi, wengine wananipa pole huku wananinyooshea karatasi. Chumba chako nakifagia Jumamosi. Sijabadilisha kitu.

Sasa benchi.

Kwenye msiba watu walisimulia kwamba kiharusi kilipokupiga upande wa kulia, ulikaa tu ukingoja siku yako. Si kweli, na sikupenda. Ulikaa ukikasirika. Mama alikuwa ameshatangulia, Lazaro yuko mbali, na nyumbani nilikuwepo mimi, binti, ambaye naweza kukulisha, kukufunga viatu na kukushika mkono hadi kanisani, lakini siwezi kukuogesha. Hilo halikuhitaji mtu alitamke. Kwetu binti haoni mwili wa baba yake, na ugonjwa hauondoi hilo. Kazi hiyo akaichukua mdogo wako, Baba Mdogo Lomayani, siku akiwahi kumaliza mifugo yake. Alikusugua kwa brashi na maji baridi, nawe ukalalamika kwa sauti yote iliyokuwa imebaki: "Lomayani, unaniosha au unanipeleka mnadani?" Naye anajibu, "Ng'ombe hasemi. Nyamaza." Mimi jikoni nacheka peke yangu. Lakini siku asipokuja ulikuwa hutoki chumbani, na kanisani uliacha kwenda.

Ndipo akaja Dada Upendo. Ulimwita daktari hadi mwisho, naye hadi mwisho alikuwa anakusahihisha. Yeye ni mtaalamu wa tiba kwa vitendo, msichana wa Kilimanjaro aliyekulia hapa mjini, na siku ya kwanza alikueleza kazi yake hivi: "Daktari anakuuliza unaumwa wapi, mzee. Mimi nakuuliza unataka kufanya nini." Nilidhani utasema kutembea, au kukamua, au kushika fimbo. Ukaniambia nikalete chai. Chai ilikuwa mezani. Nikaenda jikoni, lakini ukuta wetu ni wa mbao, Baba, kwa hiyo nilisikia: "Nataka kuoga mwenyewe. Na mlango uwe umefungwa."

Kikundi chake kilikuwa kinakutana Jumatano kwenye ukumbi wa kanisa, karibu na barabara ya Nairobi. Nilikupeleka nikidhani tutapewa kifaa turudi nacho. Hakukuwa na kifaa. Kulikuwa na watu waliougua, ndugu zao, Fundi Massawe na mashine yake ya kuchomelea, na Dada Upendo aliyesema kwamba pale tunatafuta pamoja, na hakuna chuma kitakachochomelewa mpaka atakayekitumia akubali. Walikuwepo pia wanafunzi wa chuo na vikaratasi vyao vya rangi. Mmoja alikupa cha njano akakuomba uandike ndoto yako. Mkono haukuweza, ukamwambia aandike yeye: "Sabuni inaanguka." Akaandika, akakibandika ukutani katikati ya ndoto za wengine, wala hakucheka. Ndiye huyo huyo aliyesema baadaye kwamba benchi litobolewe tundu ili maji yapite, na mtu ajisafishe chini bila kunyanyuka. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amelifikiria.

Ya sabuni aliimaliza Mama Ombeni wa kule Maji ya Chai. Unamkumbuka, utaacha kumkumbuka vipi: Mmeru mfupi, muuza ndizi, kiharusi kilimkalisha lakini sauti ya sokoni hakikuigusa. Alisema sabuni itiwe ndani ya soksi, soksi ining'inie shingoni kwa kamba, ikikuponyoka ibaki kifuani. Halafu akaongeza, ukumbi mzima ukisikia: "Ila sijui kama itamsaidia huyu. Mwarusha na maji walikutana lini?" Niliogopa. Nilikuwa sijakusikia ukicheka tangu uugue. Ukamjibu, maneno yakitokea upande mmoja wa mdomo: "Ninyi Wameru mnakaa mtoni miaka yote na bado mnanuka ndizi." Kuanzia siku hiyo, kila Jumatano nilikukuta umeshavaa.

Benchi lilichukua miezi. Shida ilikuwa kizingiti. Bafu letu la mabati nyuma ya nyumba lina kizingiti cha juu cha kuzuia maji, na mguu wako wa kulia haukukubali kukivuka. Dada Upendo akataka benchi refu lipite juu ya kizingiti, nusu nje nusu ndani, ukae nje kisha ujisogeze hadi ndani ukiwa umekaa. Lilipoletwa, mlango haukufunga. Wote tukasema tuweke pazia. Ukasema kama ni pazia, basi urudishwe kwa Lomayani. Dada Upendo akakaa juu ya benchi lile ameshika shavu, halafu akacheka: "Mzee alilisema siku ya kwanza na mimi sikulisikia." Fundi Massawe akaukata mlango chini, upana wa benchi, ukafunga juu yake vizuri kabisa. Majirani wakasema mlango wa mzee umeng'oka jino.

Hofu yangu ikahamia kwingine, kwamba utaanguka umejifungia. Nilisimama uani nikiita, "Baba, umemaliza? Baba?" mpaka siku moja ukatoka na povu shingoni ukasema ni afadhali kuogeshwa kuliko kuchungwa. Kikundi kikalijadili na lile, tukakubaliana: ukiimba tunajua uko salama, ukinyamaza Baba Mdogo anaingia. Wewe, ambaye kanisani ulikuwa unashika kitabu cha nyimbo bila kufungua mdomo! Ulijua ubeti mmoja, ukaurudia hadi mwisho wa ndoo. Mama wa nyumba ya pili alikuwa anaitikia sauti ya pili huku anaanika nguo.

Ukishamaliza ulijisogeza hadi upande wa nje, umejifunga shuka lako jekundu, ukaota jua. Hapo ndipo watu walikukuta wakipita kwenda mashambani. Watoto waliinama, wazee wenzako walisimama kukupa habari. Ukoo mzima ulikusalimia ukiwa umekaa kwenye benchi la kuogea, na mimi sikuona tatizo lolote. Kumbe shauri lilizaliwa hapo.

Ulifariki kitandani, kiharusi cha pili, alfajiri ya Jumatano. Nguo za kwendea kikundini ulikuwa umezichagua. Tulikuzika nyumbani, upande wa kahawa. Hapa siandiki zaidi.

Msiba ulipokwisha, wazee wa ukoo walikaa kugawa vitu vyako: mifugo, blanketi, fimbo, na kigoda cha mzee, ambacho kwetu huenda kwa mtoto wa kwanza wa kiume na hakitoki nyumbani. Kigoda chako cha zamani kilipasuka siku nyingi ukakitia motoni mwenyewe. Wazee wakaulizana, mzee alikuwa anakaa wapi? Wakakumbuka walikokusalimia. Mimi nilikuwa naleta sinia la vikombe, na nilipofika lilikuwa limeshasemwa: kiti alichokalia mwisho ndicho kiti chake, nacho ni cha Lazaro. Lazaro akalibeba benchi lile lenye tundu katikati, akaliweka sebuleni chini ya picha yako. Wageni wakalipita kwa heshima.

Sikuwalaumu. Hawakuwahi kuona linavyotumika. Mlango ulikuwa umefungwa, kama ulivyotaka.

Lakini kanuni ya kikundi uliijua na uliikubali: kifaa kinapita kwa mwingine mwenye haja nacho. Na aliyefuata alikuwa Mama Ombeni. Muda wote ulipokuwa unaota jua, yeye alikuwa anaogea kwenye kiti cha plastiki, na wiki ya msiba wako kiti kiliteleza naye. Hakuvunjika, ila alikataa kukikalia tena. Anaishi na mwanawe Ombeni, basi, hakuna binti wala mkwe, na wewe hulazimiki kuelezwa maana yake. Akaacha kuja ukumbini. Nilikwenda Maji ya Chai kumtazama. Hakunikaribisha ndani. Alikaa kwenye kona ya baraza akaniambia, "Usisogee sana, mwanangu. Nipo kama soko la jana." Aliyasema kama mzaha, kwa sauti ndogo, na ile ndogo ndiyo iliyonitisha. Fundi Massawe alikuwa ameenda Babati kwenye kazi ndefu ya mapaa ya shule. Mafundi wengine nilipowaonyesha picha ya benchi waliniuliza nani amekitoboa kiti cha watu.

Nikampigia Lazaro. Akasikiliza, kisha akasema, "Nashipai, unataka kigoda cha Baba akikalie mwanamke akiwa uchi?" Nikamwambia hata Baba alikuwa anakikalia akiwa uchi. Akakata simu. Nadhani nililisema haraka mno.

Basi nikaenda kwa Baba Mdogo, na Lazaro alipokuja likizo, wazee wakakaa tena. Niliomba ruhusa, nikaeleza tangu mwanzo kama ninavyokueleza wewe. Dada Upendo naye alikuja, akaeleza kanuni ya kikundi. Mzee mmoja akamjibu kwa upole: "Binti, kikundi ni cha juzi. Kigoda ni cha ukoo." Halafu Lazaro akazungumza, na nilikuwa sijategemea atakachosema. Hakutaja mwanamke wala uchi. Alisema, "Nilikuwa mbali. Sikumwogesha Baba hata siku moja. Nilichobaki nacho ni hiki." Akaweka mkono juu ya benchi. Nilikuwa nimejiandaa kwa mengine yote, Baba, si kwa hilo.

Baba Mdogo akanyanyuka akasema benchi lirudishwe lilipokuwa, kwa sababu wazee hawawezi kukata shauri la kitu wasichokijua. Likarudishwa bafuni. Akaniomba ndoo ya maji ya moto. Akakaa upande wa nje, akajisogeza, mlango ukafunga juu ya benchi. Wazee wakabaki uani wameshika fimbo, wanasikiliza maji. Alikaa humo muda mrefu kupita kiasi. Mzee mmoja akauliza, "Lomayani, unalikagua au umehamia?" Ndani kukajibiwa, "Niacheni."

Alitoka nywele zikichuruzika, akakaa pale ulipokuwa unakaa. Alisema, "Kaka yangu alikuwa na akili. Mimi nilikuwa namwumiza." Halafu akawageukia. "Lazaro akimpa rafiki yake ng'ombe akae naye, amkamue, watoto wapate maziwa. Ng'ombe ni wa nani?"

Wakasema ni wa Lazaro.

"Amepungukiwa?"

Wakasema hapana, ameheshimika.

"Basi Lazaro ana ng'ombe Maji ya Chai."

Mzee yule wa upole akauliza, na wengine wakaanza kucheka kabla hajamaliza, "Na akizaa?" Dada Upendo akauliza maana yake. Wakamwelezea kwamba fundi akilitazama benchi akachomelea la pili mfano wake, hilo ni ndama. Akasema kwa miaka mingi amekuwa akitafuta namna ya kuwaeleza watu kwamba kifaa kikienda kwa mwingine hakipotei, huzaa vingine, na akaomba neno hilo alipeleke kikundini kama lilivyo. Wazee wakamruhusu. Baba Mdogo akanyoosha mkono: "Sikilizeni. Ndama wa kwanza ni wangu. Goti langu mimi mwenyewe ndiye ninayelijua." Wakamcheka hadi akavaa kofia.

Lazaro alikuwa bado hajakubali. Alilitazama benchi, akaniuliza mimi, siyo wazee, "Atatunzwa?" Nikasema atatunzwa.

Tulilipeleka kwa gari la kukodi. Pale ndipo palipotokea jambo ambalo hakuna aliyelifikiria: benchi lilikuwa refu kwenda juu. Lilipimwa kwa miguu yako. Mama Ombeni alipokaa, nyayo zake zilining'inia kama za mtoto kanisani, na Dada Upendo akasema hapana, nyayo zisipogusa chini atateleza tena. Miguu ya benchi ikatwe. Ombeni akawa ameshakimbilia fundi. Mama Ombeni akamzuia: "Huyu ni ng'ombe wa watu. Pigeni simu kwanza."

Nikampigia Lazaro, safari hii nikasema polepole. Nilisikia pikipiki zikipita upande wake, nyingi. Halafu akasema, "Kata. Vipande uniwekee."

Vikakatwa vipande vinne vifupi vya bomba la miguu. Mama Ombeni anaoga mwenyewe sasa. Kuimba hawezi, anasema kwaya ilimkataa tangu ujana, kwa hiyo anaita ndizi zake kama yuko sokoni, na wiki ya kwanza mpita njia mmoja aliingia uani kuulizia bei. Jumatano amerudi. Ameshawatukana wanafunzi wapya.

Jana Lazaro alikuja kuvichukua vile vipande. Ningeweza kumpa mtu wa basi avipeleke, lakini alikuja mwenyewe, safari ya saa nyingi, kwa vipande vya bomba vinavyoingia kiganjani. Nilikuwa nimevifunga kwenye kitambaa. Hakukifungua, alikitia mfukoni, akauliza kama tunaweza kwenda Maji ya Chai kumsalimu ng'ombe wake. Tukaenda. Tulimkuta Mama Ombeni ameshafunga taulo juu ya gauni, anamsubiri Ombeni arudi amtilie maji ndooni. Lazaro akamsalimu, akaangalia huku na huku, akaiona ndoo. Akaichukua. Sufuria lilikuwa jikoni linachemka. Aliniita pembeni akaniuliza Mama Ombeni anapenda ya moto au ya vuguvugu. Nikamwambia yeye ni wa vuguvugu. Akamimina, akapima kwa kiwiko kama mtu anayemwogesha mtoto, akaongeza baridi, akapima tena. Halafu akauliza, bila kuniangalia, "Na Baba?"

Nikamwambia ya moto. Ya moto sana, kuliko mtu anavyoweza kudhani.

Akaitika kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa kitu chake. Akaibeba ndoo hadi kwenye benchi, akaiweka, akaondoka mlangoni.

Pumzika, Baba. Fundi Massawe anarudi mwezi ujao na tutaanza la Baba Mdogo. Nakuahidi kwamba bomba halitakatwa mpaka Lazaro awepo, na futi ya kupimia ataishika yeye.

Binti yako,
Nashipai